Paskazia na Mbegu ya Maandazi

Kila siku alasiri, jua lilipoanza kuinamia upande wa mashimo ya mgodi, Mama Paskazia aliteleka karai juu ya mafiga, akamwita binti yake aje amsaidie. Binti alikuja, lakini alikuja kama mtemi aliyeambiwa akafagie zizi. Mkono mmoja ulishika kitabu. Mkono wa pili ulishika mwiko kwa ncha za vidole, kana kwamba mwiko ule ungemuuma.

"Weka kitabu, shika mwiko sawasawa," mama alimwambia.

"Nasikia, mama."

Kusikia alisikia. Kuweka kitabu hakuweka.

Ilikuwa mwaka 1951, katika kambi ya wachimba dhahabu iliyoitwa Namba Tatu, nchi ya Geita. Kambi ilipewa jina la shimo lililokuwa karibu nayo, na watu wake walitoka kila pembe: Wasukuma na Wasumbwa wa hapo hapo, Wanyamwezi wa Tabora, watu wa Ujiji, na wachache wa pwani. Miezi mingine Mama Paskazia alikaanga maandazi asubuhi kwa ajili ya wachimbaji wanaoingia zamu. Mwezi huu ulikuwa wa Ramadhani, na wateja wake wengi walikuwa Waislamu. Kwa hiyo alikaanga alasiri, ili watu waliofunga wapate cha kufuturia.

Yeye mwenyewe, Nyamizi kwa jina lake la nyumbani, alikuwa Mkristo, na mwaka wa kwanza Waislamu wengi walisita kula chakula cha jiko wasilolijua. Aliyewaondolea wasiwasi ni jirani yake, Bi Mwamvua, mwanamke wa Kiislamu kutoka pwani, ambaye ndiye aliyemfundisha kukanda unga. Bi Mwamvua alisimama mbele ya wenzake akasema, "Jiko la Nyamizi nalijua kama langu. Hakuna kichafu wala haramu. Kuleni, na kama kuna dhambi ije juu yangu." Wakala. Tangu siku hiyo maandazi ya Mama Paskazia yalisimama juu ya neno la Bi Mwamvua, na kila mtu kambini alilijua jambo hilo.

Hata Paskazia alilijua. Lakini Paskazia alikuwa na mambo makubwa zaidi ya kufikiri. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa darasa la nne katika shule ya misheni, msichana peke yake kati ya wavulana kumi na tisa. Kwa maoni yake, dunia ilikuwa na watu wa namna mbili tu: waliofika darasa la nne, na mbumbumbu. Wa namna ya pili walikuwa wengi mno, naye aliwahurumia kwa mbali, huku amebana pua. Mtoto ambaye vidole vyake havijaonja hata tone moja la mafuta ya moto, tayari alikuwa akiwacheka watu waliolea watoto sita kwa karai moja!

Zaidi ya yote alicheka mbegu.

Mbegu ilikuwa donge la unga. Kila siku, baada ya unga kuumuka na kabla ya kukata andazi la kwanza, mama alimega donge la ukubwa wa ngumi, akalitia katika chungu kidogo, akalifunika kwa kitambaa kibichi. Kesho yake alilichanganya na unga mpya, maziwa, sukari na iliki, na unga wote ukaumuka. Hamira ya kopo ilipatikana dukani kwa Mhindi, lakini ilikuja na lori mara moja kwa mwezi na kwisha siku ile ile. Mbegu haikuisha kamwe. Mama alikuwa nayo mwaka wa nne sasa.

"Usikiruke chungu hiki," mama alizoea kusema. "Usikifunue ovyo. Usikiweke penye upepo."

Paskazia alisikiliza maneno hayo akakunja mdomo. Bibi yake mzaa mama naye alikuwa na miiko yake: usipige mluzi ndani ya nyumba, usikalie kinu, usifagie jua likishatua. Shuleni mwalimu aliwaambia waache ushirikina. Mwalimu alisema kweli. Lakini hakusema kwamba kila asilolijua Paskazia ni ushirikina. Hilo Paskazia aliliongeza mwenyewe.

Jumatatu moja ilikuja habari kwamba bibi ni mgonjwa huko Ushirombo. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, kwa hiyo mama alimwachia Paskazia jiko. Baba yake, Athanas, alifanya kazi chini ya ardhi zamu ya mchana. Akirudi ni usiku, naye hakujua tofauti ya unga wa ngano na chokaa.

"Nitarudi Jumamosi," mama alisema, mguu mmoja tayari uko kwenye lori la mizigo. "Kumbuka: kwanza mbegu, ndipo maandazi. Usianze kukata kabla hujamega mbegu."

"Mama, umeshasema mara tatu."

"Nasema mara ya nne."

Lori lilipoondoka, Bi Mwamvua alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shikamoo, Bi Mwamvua."

"Marahaba, mwanangu. Ukikwama niite. Kutoka hapa hadi kwangu hata hatua thelathini hazifiki."

"Nikwame na nini, Bi Mwamvua? Unga na maji?"

"Na moto."

"Moto hata mjinga anaujua."

Bi Mwamvua alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akacheka kidogo. "Haya, mwalimu," akasema, akaenda zake.

Siku hiyo mambo yalikwenda vizuri. Paskazia alikanda mpaka unga ukaacha kushika mikono, akasukuma kwa chupa, akakata, akakaanga. Maandazi yalivimba yakageuka yenyewe ndani ya mafuta. Akayapanga kwenye sinia na kupita nayo makusudi mbele ya nyumba ya Mama Donatus, ambaye naye alikaanga maandazi, ila yake yalikuwa madogo na magumu.

"Mama Donatus akikutupia andazi lake, kimbia," Paskazia aliwaambia watoto waliomfuata, kwa sauti ya kutosha kufika jikoni. "Litakuvunja goti."

Watoto walicheka. Mama Donatus aliinua uso, akautazama mgongo wa yule mtoto, kisha akarudi kwenye moto wake.

Siku ya pili Paskazia alitaka sinia lirundikwe kuliko mama alivyowahi kulirundika. Alipomaliza kukata, lilibaki lile donge la mbegu. Alilitazama. Liliweza kutoa maandazi sita, na sita yangetosha kufanya kilele kizuri juu ya rundo.

"Kwanza mbegu, ndipo maandazi," aliigiza sauti ya mama, akisokota midomo. "Usikiruke! Usikifunue!" Akasonya. Unga ni unga. Ukikaa karibu na moto si utaumuka wenyewe? Akasukuma lile donge, akalikata vipande sita, akavitosa katika mafuta. Vilivimba vizuri. Sinia lilikuwa na kilele.

Jumatano alikanda unga tangu asubuhi, akauweka karibu na mafiga. Saa sita akaufunua. Unga ulikuwa umelala. Akausogeza jua. Saa nane akaufunua tena. Ulikuwa umelala usingizi mzito zaidi. Alikata kipande kimoja akakijaribu: kilizama chini ya karai kama jiwe la mgodi, na kilipotoka kilikuwa kigumu, bapa, kimekakamaa. Paskazia alikigonga kwenye kibao. Kikalia ko, ko. Andazi la Mama Donatus lilikuwa keki mbele yake.

Wakati huo huo Onesmo alichungulia mlangoni. Onesmo alisoma naye darasa moja. Aliishi na bibi yake, Mageni, aliyepika pombe ya mtama mwisho wa kambi.

"Hilo ni andazi au kigae?" Onesmo aliuliza.

"Nyamaza wewe."

"Mimi nauliza tu, nijue kama natafuna au naezekea."

Paskazia alikitupa kile kipande motoni. Baada ya saa chache jua lingetua na watu wangekuja. Mbegu hakuna. Hamira dukani hakuna. Alijua dawa moja tu, nayo ilikuwa kwenda hatua thelathini na kusema, "Bi Mwamvua, nimekwama." Aliijaribu sentensi hiyo kimyakimya. Haikupita. Mtu aliyejibu "moto hata mjinga anaujua" aende kuomba msaada wa unga? Yeye, wa darasa la nne? Afadhali nyumba iungue.

"Bibi hutumia povu la pombe akitaka mkate uumuke," Onesmo alisema. "Mtama mpya umevunwa, mitungi yote inachemka. Nikuletee kibuyu?"

Paskazia alijua ubaya wa jambo hilo. Alijua vizuri sana. Bi Mwamvua hata njia inayopita nyumba ya Bibi Mageni hakuipita. Alizunguka kwa nyuma, penye miba. Pombe kwa watu wale ilikuwa haramu siku zote, sembuse Ramadhani.

"Nani atajua?" Onesmo alisema. "Moto utaikausha yote."

"Nenda basi. Kimbia. Na ukifungua mdomo, Onesmo, utaniona."

Povu lilifanya kazi upesi. Kufikia saa kumi unga ulikuwa umefura hadi ukingo wa beseni, nao ulinukia kama kilabu. Paskazia alimwagia iliki mara mbili ya kipimo cha mama, akakaanga, harufu ikapotea. Maandazi yalitoka makubwa, mepesi, yamejaa upepo kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Na jua lilipotua, watu waliofunga tangu alfajiri walifungua saumu yao kwa maandazi hayo. Mzee Mrisho, mnyapara wa zamu ya asubuhi, mtu wa Tabora mwenye ndevu nyeupe, alikula matatu. Bi Mwamvua alikula mawili.

"Iliki leo umeimwaga," alisema akilamba vidole. "Lakini mkono ni wa mama yako. Nilidhani una mdomo tu, kumbe na mikono unayo."

Mtoto mwingine angeona haya. Huyu aliona kiburi. Walikula, hawakujua, hawakuugua. Kumbe kuwadanganya watu wazima ni kazi rahisi kiasi hiki! Aliwatazama wanavyotafuna, akawadharau zaidi ya jana.

Mzee Mrisho alimwita. "Binti, kesho tunafuturisha uani kwangu. Watakuja watu wengi. Utuletee masinia mawili."

"Nitaleta, mzee."

Alhamisi Paskazia hakumhitaji Onesmo. Safari hii alikuwa amemega mbegu kutoka unga wa jana, akaichanganya na unga mpya kama mama anavyofanya. Na hapo akili yake ya darasa la nne ikamtengenezea maneno mazuri: leo sijatia pombe. Leo nimetia mbegu. Akiulizwa atajibu hivyo, na hatakuwa amesema uongo. Alijirudia maneno hayo akisukuma, akakata, akakaanga. Kwa nini mtu msema kweli alihitaji kujirudia mara kumi na tano, hilo hakujiuliza.

Uani kwa Mzee Mrisho mikeka ilikuwa imetandikwa. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande wa pili karibu na vyungu vya uji. Wengine walitoka mgodini moja kwa moja, vumbi jeupe la mawe limewakaa kwenye kope. Tangu alfajiri walikuwa wamepiga nyundo chini ya ardhi bila tone la maji. Masinia ya Paskazia yaliwekwa katikati, na macho yote yakayaelekea.

Kijana mmoja aliyekuwa mpiga baruti alikohoa. "Kabla hatujala," alisema, "mimi nina neno. Leo asubuhi nimesikia wavulana wanacheka kisimani. Wanasema juzi au jana kibuyu kilitoka kwa Mageni kikaingia jiko hili. Sasa nauliza: tunakula nini?"

Manung'uniko yakapita mikekani. Onesmo na mdomo wake!

"Maneno ya watoto wa kilabuni hayo," Bi Mwamvua alisema kwa ukali. "Wewe umekuja kambini lini? Mimi nimekula jiko lile miaka minne. Paskazia! Njoo hapa, mwanangu, uwaambie. Mama yako huumulia nini unga?"

"Mbegu," Paskazia alijibu.

"Na wewe leo umetia nini?"

"Mbegu."

"Mmesikia?" Bi Mwamvua aliwageukia watu. "Mbegu! Mbegu ile ile niliyomgawia mama yake kutoka donge langu mwenyewe."

"Mtoto husema alichofundishwa kusema," yule kijana alijibu.

"Basi usimwamini mtoto, niamini mimi!" Bi Mwamvua alisimama. Mdomo wake ulikuwa umekauka kwa kiu, midomo imepasuka, lakini sauti yake ilijaa uani. "Mimi ni mtu mzima, nina saumu kinywani, na sijawahi kuapa bure. Leo mbele yenu nyote naapa kwa jina la Mwenyezi…"

"Usiape!"

Sauti ilitoka kabla Paskazia hajajua kwamba ni yake. "Usiape, Bi Mwamvua! Usiape!"

Huyu mwanamke alikuwa karibu kuliweka jina la Mungu wake mwezi huu mtukufu juu ya uongo wa mtoto aliyemwita mjinga mlangoni. Na angeliweka bila kusita. Paskazia alimtazama, na ile dharau yote aliyotembea nayo mwaka mzima, kichwa juu, mabega juu, ilimgeukia mwenyewe.

"Kibuyu kilikuja," alisema. "Jana. Juzi niliikata mbegu nikaikaanga. Jana unga ulikataa, nikatia povu la pombe. Mlikula. Na ya leo mbegu yake imetoka katika unga wa jana."

Mwanamke mmoja alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Mpiga baruti hakufurahi hata kidogo kuwa ameshinda, aligeuza uso. Kutoka msikiti wao mdogo wa udongo sauti ya mwadhini ikainuka. Jua lilikuwa limetua.

Mzee Mrisho alinyoosha mkono akachukua kikombe cha maji, akanywa, kisha akasema polepole, "Jana tulikula hatujui, na asiyejua, Mungu hamlaumu. Leo tumejua, na hatuli. Gaweni uji."

Wakanywa uji mtupu. Wanaume waliopasua mawe kutwa walizungusha vikombe vitupu mikononi, na maandazi mia yaliyovimba vizuri yalikaa katikati yao bila kuguswa.

Bi Mwamvua hakumpigia kelele Paskazia. Ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Chukua masinia yako uyapeleke kwa Mageni. Walevi wake hawachagui."

"Yote mawili, Bi Mwamvua?"

"Kama una wapagazi, wape. Kama huna, rudi mara ya pili."

Alirudi mara ya pili. Kambi nzima ilikuwa nje, na habari ilikuwa imemtangulia. "Mwalimu wa pombe huyo!" watoto walipiga kelele, wale wale waliocheka naye Jumatatu. "Mwalimu, leo tunasoma kurasa ngapi?" Alipopita mbele ya nyumba ya Mama Donatus aliinamisha kichwa akingoja lake. Mama Donatus alimtazama, akamwambia, "Angalia shimo hapo mbele, utaanguka na sinia." Basi. Neno lile lilimchoma kuliko kelele zote za watoto.

Ijumaa asubuhi alikwenda zile hatua thelathini. Hazikuwahi kuwa nyingi vile. Alimkuta Bi Mwamvua anachambua mtama.

"Shikamoo, Bi Mwamvua."

"Marahaba. Umekuja kunifundisha nini leo?"

"Nimekwama."

Bi Mwamvua aliweka ungo wa mtama chini. Kisha aliingia ndani akatoka na chungu kidogo kilichofunikwa kitambaa kibichi. Alikifunua. Ndani kulikuwa na donge jeupe, limejaa matundu, linanuka uchachu mzuri.

"Lilikuwa hapa," alisema. "Jumatano lilikuwa hapa. Alhamisi lilikuwa hapa. Ungesema neno moja hilo ulilosema sasa hivi, ungelipata na bakshishi ya iliki. Sasa ngoja nikuulize, msomi. Kwa nini mama yako hakutaka chungu kirukwe?"

"Sijui, Bi Mwamvua. Nilidhani ni mwiko wa wazee."

"Kwa sababu mguu unadondosha vumbi. Kwa nini hakutaka kiwekwe penye upepo? Kwa sababu chachu ni kitu hai, ikipata baridi inalala, na ikikauka inakufa. Huu ni ushirikina?"

"Hapana."

"Uliuliza siku moja? Miaka minne, uliuliza hata mara moja?"

Paskazia alitikisa kichwa.

Alipewa donge. Akarudi nyumbani akamwaga unga wote wa zamani, akasugua karai, kibao, beseni na chupa kwa majivu na maji ya moto mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Bi Mwamvua alisimama akiangalia, hakunyoosha kidole kumsaidia. Mchana unga uliumuka. Paskazia alimega mbegu kwanza, ndipo akakata.

"Utawaambia wateja kwamba leo ni safi, Bi Mwamvua?" aliuliza akiinua sinia.

"Mimi? Mimi siapii tena jiko la mtu mwingine, mwaka huu wala mwaka ujao. Una mdomo wako. Wote tunaujua."

Ikabidi asimame peke yake kwenye njia ya mgodini, na kila aliyekaribia alimwambia: unga wa ngano, maziwa, sukari, iliki, mafuta ya karanga, na mbegu kutoka kwa Bi Mwamvua, pombe ilikuwamo Jumatano na Alhamisi, leo haimo. Wengi walisikiliza wakapita. Wengine walicheka. Mpiga baruti alisimama akamhoji kama karani wa mahakama, chombo kwa chombo, kisha naye akapita. Sauti ya Paskazia ilikuwa karibu kwisha Mzee Mrisho alipofika. Naye alisikiliza orodha yote mpaka mwisho.

"Sema tena," alisema.

Akasema tena.

"Jana ulikuwa na nafasi ya kunyamaza, hukunyamaza," mzee alisema. "Nipe mawili." Akayafunga katika kitambaa chake, akangoja jua. Watatu waliokuwa nyuma yake nao wakachukua. Watatu tu. Sinia lilirudi nyumbani karibu limejaa.

Jumamosi mama alishuka kwenye lori. Bibi alikuwa amepata nafuu. Habari za kambi alikuwa amezipata njiani, maana dereva hakuwa na kazi nyingine ya mdomo. Aliweka mzigo chini, akaketi, akamtazama binti yake.

"Eleza."

Paskazia alieleza yote, kuanzia yale maandazi sita ya kilele. Hakumtaja Onesmo kwa lawama. Alisema tu nani alileta kibuyu na nani alikitaka. Alipomaliza alingoja fimbo. Fimbo haikuja.

"Kukata mbegu ni kosa la mtoto," mama alisema. "Mimi mwenyewe niliwahi kuisahau, mwaka wa kwanza, nikaenda kwa Mwamvua ninalia, akanicheka, akanipa nyingine. Yalikwisha siku ile ile. Kosa lako wewe lilikuwa dogo hivyo hivyo. Umelikuza mwenyewe, kwa sababu uliona aibu kuomba, na hukuona aibu kudanganya. Nani alikufundisha kupima aibu namna hiyo? Si shule. Shule nilikupeleka ukajifunze kuuliza."

Paskazia aliinamisha uso.

"Unajua kusoma, mimi sijui. Vizuri, nimefurahi, ndiyo maana nakaanga. Lakini mtu anayemdharau kila mtu hana wa kumwuliza siku akikwama, na siku hiyo uongo ndio rafiki pekee anayebaki. Ulimwona rafiki huyo alivyokuacha uani kwa watu. Na ulimwona uliyemdharau, alivyokuwa tayari kuapa kwa ajili yako."

"Nimekosa, mama."

"Umekosa, na umesema ukweli wakati ukweli ulikuwa unakugharimu. La pili halifuti la kwanza, lakini kwa la pili hilo bado naweza kukaa na wewe jiko moja." Mama alifungua khanga, akakunja mikono ya gauni. "Wateja wamebaki wanne. Tutawatafuta wengine mmoja mmoja, na wewe ndiye utakayesimama njiani na kusema kilichomo, mpaka Idi ipite, na baada ya Idi kama itabidi. Sasa lete unga."

Paskazia aliinuka. Alipofika mlangoni alisimama, akageuka.

"Mama, kwa nini maziwa yanapashwa moto kwanza kabla ya kuyatia?"

Mama alimwonyesha pa kukaa, na akaanza kumweleza.